Hewa ya mtaani Dar: tunayoambiana na ukweli wenyewe

Jamani naomba tuongee kuhusu hii hewa tunayovuta hapa Dar, maana kuna maneno tunaambiana kila siku, kwenye daladala, saluni, kijiweni, na mengi sio kweli na yanatuumiza, hasa sisi wa Buguruni, Vingunguti, Tabata na wote waliojipanga pembeni ya Mandela Road ambako malori ya bandarini yanapita usiku na mchana.

Linaloaminika kuliko yote ni hili: "Dar tuna bahari bwana, upepo unasafisha kila kitu."

Kuna ukweli kidogo humo ndo maana watu wanalishika. Mchana upepo wa baharini ukivuma moshi unatawanyika kweli, na masika mvua inashusha vumbi. Usiku ndo shughuli. Ardhi inapoa, upepo unatulia, hewa ya chini inaganda palepale haipandi juu, alafu ni saa hizohizo kila nyumba imewasha jiko la mkaa, muuza chipsi yuko kazini, jirani anachoma taka zake, foleni ya kurudi nyumbani bado haijakata, na moshi wote huo unabaki usawa wa pua zetu mpaka asubuhi jua lichomoze ndo uanze kupanda. Kwaiyo anayetoka saa nane mchana akaona mbingu ya bluu akasema hewa safi, anaongelea saa nane tu. Na upepo hauui moshi, unauhamisha, wa pwani akipona wa bara anaupokea.

"Kama hauonekani hauna madhara." Hapana. Moshi mweusi wa daladala unakera macho lakini kinachoua zaidi hukioni. Ni chembechembe zinaitwa PM2.5, upana wake hauzidi mikromita 2.5, wakati unywele mmoja wa kichwani ni kama mikromita 50 mpaka 70. Vumbi kubwa la barabarani pua inalikamata, unapenga kamasi nyeusi yanaisha, ila hizi ndogo zinapita mpaka ndani kabisa ya mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likashusha kiwango chake, wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kabla ya hapo ilikuwa 10. Hapo kwenye wastani wa mwaka ndo pa kuangalia sana, maana watu wengi wanasubiri ile siku moja ya kuzidiwa na moshi ndo waseme kuna tatizo, kumbe kidogokidogo cha miaka kumi ukikaa nyumba ileile pembeni ya barabara ileile ndo kinachokula mwili.

Na mwili wenyewe sio mapafu peke yake. Tukisikia hewa chafu tunawaza kikohozi, mafua, pumu basi. Shirika hilohilo linakadiria hewa chafu ya nje ilisababisha vifo vya mapema milioni 4.2 duniani mwaka 2019, na zaidi ya nusu ni moyo na kiharusi. Moyo! Huku mtaani mzee akianguka ghafla tunasema presha, mawazo, wengine wanasema karogwa, hamna anayeuliza alikuwa anavuta nini miaka yote ile kwenye kibanda chake cha duka barabarani. Wajawazito nao, hewa chafu inahusishwa na watoto kuzaliwa kabla ya siku au na uzito mdogo. Na watoto wadogo wanapumua harakaharaka kuliko sisi, alafu kimo chao kiko karibu na bomba la moshi la gari kuliko chetu.

Sasa maziwa. Hili naomba nilikazie kwa sababu nimeliona gereji, kwa wachomeleaji, kwa wapaka rangi, kwa wafagia barabara, kila mtu anaamini ukinywa maziwa yanasafisha kifua. Maziwa yanaenda tumboni. Moshi unaenda mapafuni. Ni njia mbili, zinaachana hapo kooni, na hakuna maziwa yatakayoteremka yakaosha mapafu. Kunywa, ni chakula kizuri, mtu aliyefanya kazi ngumu anahitaji. Kinachoniuma ni bosi anayegawa pakiti ya maziwa alafu anajiona kamaliza wajibu, hakuna barakoa ya maana, hakuna feni ya kutoa moshi, kijana yuko mle ndani toka asubuhi. Na barakoa ya kitambaa inazuia vumbi kubwa tu, kwa hizi chembe ndogo inatakiwa aina ya N95 na ikubane vizuri usoni.

"Tatizo ni viwanda." Viwanda vimo, ila kusema ni vyenyewe tu ni kujificha. Dar ndo inakula mkaa mwingi kuliko mji wowote Tanzania. Moshi wa kupikia ndani ya nyumba unakadiriwa kuua watu milioni 3.2 duniani kwa mwaka mmoja tu wa 2020, na jiko la mkaa linatoa kaboni monoksaidi ambayo haina rangi wala harufu, ukiingiza jiko chumbani ukafunga mlango mkalala mnaweza msiamke. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Sawa, lakini tusimcheke mama anayenunua mkaa kwa kopo, hela yake inakuja ya leo kwa leo na gesi inataka hela ya mkupuo, sio kwamba haelewi. Asiyekuwa na namna apikie nje au kwenye upenyo wa hewa, mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kupika.

Alafu kuna magari yaliyotolewa masega yakauzwa, ile sehemu ya ekzosi inayopunguza sumu, mtu anapata hela ya siku mbili mtaa mzima unavuta miaka. Na dawa ya mbu ya kuchoma: utafiti wa 2003 ulikuta koili moja inatoa PM2.5 sawa na sigara 75 mpaka 137. Chumbani kwa mtoto! Weka neti.

Kuchoma taka asubuhi wanaita usafi. Majani peke yake ni moshi tosha, ukichanganya plastiki ndo unatengeneza sumu ambazo hazikuwepo kwenye taka.

"Mimi nishazoea." Pua ndo imezoea harufu. Mapafu hayazoei.

La mwisho, "hatuna la kufanya." Wakazi wa Tabata walikuwa na dampo la jiji mlangoni, moshi na harufu, wakalipeleka jiji mahakamani mwaka 1988 na Mahakama Kuu ikawapa haki. Jiji likarudi kuomba muda zaidi wa kumwaga, jaji akakataa. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, wa Kunduchi nao wakashtaki wakashinda, na haki ya kuishi ya ibara ya 14 ya Katiba ikatumika. Hapo hata Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 haikuwepo. Sasa ipo, na viwango vya hewa vilitungwa 2007, na NEMC, taasisi ya serikali ya mazingira, ndo wenye kazi ya kusimamia. Kwaiyo mkiwa na gereji, tanuri au sehemu ya kuchoma taka inayowamaliza, andikeni barua ya mtaa mzima na sahihi zenu, pigeni picha zenye tarehe, pitisheni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa iende NEMC, na muombe hewa ipimwe, usiku sio mchana.