Je, wajua kwa nini ukitupa watoto wa paka, paka wanaongezeka?

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, yupo mama muuza dagaa ambaye mimi ni mteja wake. Chini ya meza yake, katikati ya magunia, hulala paka wa madoa. Katikati ya Machi paka huyo alizaa wanne. Mama akawatia kwenye boksi, akampa kijana wa bodaboda hela awapeleke mbali. Mwanzoni mwa Juni akanionyesha boksi jingine.

"Mwanangu, safari hii watano. Huyu paka ananikomoa."

Hamkomoi. Mama mwenyewe ndiye aliyemharakisha. Paka anayenyonyesha kwa kawaida hukawia kidogo kurudi kwenye joto, yaani kutaka dume. Ukimnyang'anya watoto, maziwa yanakauka, na baada ya wiki chache tu, pengine hata mbili, utamsikia usiku juu ya bati akiita madume. Mimba ya paka ni siku 63 hadi 65 hivi. Hesabu tangu Machi, utaangukia kwenye lile boksi la pili.

Jua nalo linamsaidia. Paka jike huongozwa na urefu wa mchana: mwanga ukiwa wa kutosha anaingia kwenye joto, ukipungua sana anapumzika. London katika siku fupi za mwisho wa Desemba mchana haufikishi saa 8 za mwanga, kwa hiyo paka wengi wa nje wanakaa kimya. Sisi tuko nyuzi 2 na nusu hivi kusini mwa ikweta. Jua linachomoza saa moja kasoro na kuzama saa moja kasoro, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote haifiki hata nusu saa. Paka wa Mwanza hana likizo. Isitoshe, yai lake hushushwa na kule kupandwa kwenyewe, ndiyo maana ni nadra kupandwa akatoka bure.

Hata hivyo, wengi wa hao watoto hufa kabla ya miezi sita: mafua, njaa, magurudumu ya pikipiki. Wanaobaki ni wale ambao chakula kinawatosha, na ufukweni hapa chakula hakiadimiki. Kuna dagaa wanaodondoka kwenye vichanja, kuna matumbo ya samaki, kuna mapanki, yale mabaki ya sangara aliyeondolewa minofu. Ndiyo maana kuwapa sumu paka wakubwa ni kazi bure. Umewaondolea wadogo washindani. Wale ambao wangekufa sasa wanakua, na wengine wanahamia kutoka mtaa wa pili.

Dawa yake ni kufunga kizazi, na Msukuma hahitaji kufundishwa wazo hilo. Maksai wanaovuta plau huku kwetu wamehasiwa, na hakuna anayewaonea haya. Tofauti ni kwamba kwa paka mkazo uwe kwa jike. Ukihasi madume tisa ukaacha mmoja, huyo mmoja atayamaliza majike yote ya mwalo. Ukifunga jike mmoja, umefunga boksi la Machi, la Juni na yote yanayofuata.

Hapo ndipo bei inapoingia, nami naona watu wengi huielewa vibaya. Wanadhani bei nafuu ni huruma tu. Lakini ukifunga majike matano kati ya hamsini, wale arobaini na tano watajaza nafasi na hutaona tofauti yoyote. Lazima wafungwe walio wengi, tena kwa muda mfupi. Paka alipatikana bure. Nani atatoa hela ya mtaji kumpasua? Bei ikiwa kubwa wanaletwa watano, ikiwa ndogo wanaletwa arobaini. Unafuu ni sehemu ya dawa yenyewe.

Gharama hupunguzwa kwa kufanya kazi kwa mkupuo. Daktari wa mifugo haji kwa paka mmoja. Anapangiwa foleni ya siku nzima, usingizi unatolewa kwa sindano badala ya mashine ya gesi, msaidizi mmoja ananyoa manyoya tumboni huku mwenzake akichemsha vyombo. Tundu linalokatwa ni dogo, kama sentimita mbili. Kifaa kinachotumika kuvuta kizazi ni kindoano chembamba cha chuma, butu, kisicho na mwiba. Mvuvi wa sangara angekicheka. Mishipa ya damu inafungwa kwa uzi, vifuko vya mayai na mfuko wa uzazi vinatolewa, tumbo linashonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Jioni paka yuko kwao. Dume ni kazi ya dakika chache, na mara nyingi hashonwi kabisa.

Mama dagaa alikuwa na hofu moja tu: panya. Akifungwa, si atakuwa mvivu? Kuwinda hakutoki kwenye kizazi. Jike aliyefungwa anaendelea kukamata panya, tena bila kupotea siku tatu akifuatwa na madume.

Mbwa ni habari ndefu zaidi. Jike huingia kwenye joto mara mbili hivi kwa mwaka, na kufunga kizazi peke yake hakumkingi na kichaa cha mbwa. Kinachokinga ni chanjo, na inatakiwa wachanjwe angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Kwa hiyo akishalala mezani, achanjwe hapo hapo.

Wa madoa alipelekwa kwenye tenga la nyanya lililofungwa kamba, akiwa hajala tangu usiku. Amerudi na sikio la kushoto limekatwa ncha. Mteja mmoja alimwonea huruma akidhani kapigwa panga. Mama akamweleza ni alama, ili asije akakamatwa siku nyingine na kupasuliwa mara ya pili.