Je, wajua? Pilipili ya Sichuan haikuanzia China

Ukiagiza mapo tofu, mlo wa tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa), mjini Chengdu, makao makuu ya mkoa wa Sichuan, utaletewa bakuli la mafuta mekundu ya pilipili, na vipande vyeupe vya tofu vikichungulia ndani yake. Ni rahisi kuamini kwamba Wachina wamekula hivyo tangu enzi za Confucius, mwanafalsafa wa China ya kale. Lakini Confucius hakuwahi hata kuiona pilipili.

Asili ya pilipili kali ni bara la Amerika. Wenyeji wa Mexico waliilima kwa maelfu ya miaka kabla ya Christopher Columbus kufika upande ule mwaka 1492, ndipo mabaharia wa Ureno na Hispania wakaisambaza Asia na Afrika. Nchini China inatajwa kwa maandishi mwaka 1591, na mwandishi Gao Lian wa mji wa Hangzhou. Anasema maua yake ni meupe, na tunda lake jekundu lafanana na ncha ya brashi ya kuandikia iliyochakaa. Ladha ni kali, na mmea wapendeza kutazama. Basi. Habari za kuitia mchuzini hazigusii.

Sasa iliingiaje chunguni? Jibu liko Guizhou, mkoa wa milima unaopakana na Sichuan. Guizhou haina bahari wala visima vya chumvi. Chumvi ililetwa kutoka mbali, ikipandishwa milima kwa migongo ya watu na wanyama, tena ikitozwa kodi, hata maskini akashindwa kuinunua. Kumbukumbu za huko za miaka ya 1720 zinasema Wamiao, kabila la wenyeji wa huko, walitumia pilipili badala ya chumvi. Pilipili haina chumvi, ni kweli, lakini chakula cha mahindi kisicho na ladha kinateremka mate yakishaamshwa. Isitoshe, inaota kando ya nyumba, na ikianikwa inakaa mwaka mzima. Kwangu mimi hili ndilo la kustaajabisha zaidi: upishi unaosifiwa leo dunia nzima ulianza kwa kukosa chumvi.

Sichuan yenyewe ilikuwa na visima vya chumvi, kule Zigong, kwa hiyo haikuwa na haraka. Huko pilipili inaonekana katika maandishi ya mwaka 1749, wakati ambapo wahamiaji wengi kutoka mikoa ya Hunan na Hubei walikuwa wamekwisha kujaza mashamba yaliyoachwa matupu na vita vya karne ya 17.

Kiungo cha kale cha Sichuan ni huajiao. Si pilipili wala pilipili manga. Ni wa ukoo mmoja na ndimu na machungwa, na ganda lake hutia ulimi ganzi. Mwaka 2013 watafiti wa London waliwapaka watu huajiao mdomoni, kisha wakawataka walinganishe ule msisimko na mtetemo wa kifaa kilichogusa kidole. Ulilingana na mitetemo kama 50 kwa sekunde.