Mayai yanapasuka kwenye trei? Usikimbilie chokaa kwanza

Wafugaji wa kuku wa mayai, hili swali tunaletewa ofisini karibu kila wiki: mtaalamu, mayai yangu ganda jepesi, nimeongeza chokaa lakini wapi. Ukimuuliza umeongeza kiasi gani, anakwambia "makoleo mawili hivi". Hapo ndo balaa linapoanzia.

Ni kweli zaidi ya asilimia 90 ya ganda ni chokaa (kalsiamu kaboneti), na kuku anayetaga anahitaji kama gramu 4 za kalsiamu kwa siku. Ila chokaa haijishiki hewani, inajengwa juu ya ule utando mweupe unaouona ukimenya yai la kuchemsha, na hapo yanaingia madini ya zinki, manganizi na shaba. Shaba inakaza nyuzi za utando, manganizi inatengeneza vishikizo ambapo chokaa inaanzia kujipanga, na zinki inaendesha kimeng'enya kinachosaidia kupatikana kwa kaboneti. Sasa ukimwaga chokaa kupita kiasi unazuia manganizi na zinki zisifyonzwe vizuri, yaani umejaza matofali saiti halafu fundi umemfungia geti. Pumba za mahindi nazo zina faiteti, kemikali ya asili ya nafaka, inayoikamata zinki, kwa hiyo chakula cha pumba tupu na dagaa hakitoshi hata kama kuku wanashiba.

Kiasi chenyewe cha madini haya ni kidogo mno. Vyakula vingi vya leyazi (kuku wa mayai) vinalenga miligramu 60 hadi 100 za manganizi kwa kilo, maana yake kwenye kilo 100 za chakula ni gramu 6 mpaka 10 tu! Ndo maana tunasisitiza premiksi, yaani mchanganyiko wa madini na vitamini uliotengenezwa tayari, na usiitupe tu juu ya rundo ukageuza na koleo mara mbili, kuku mmoja atapata yote na wengine hawapati kitu. Pima kwa mizani kama lebo inavyosema, changanya kwanza na kilo moja au mbili za pumba, ongeza zifike kumi, ndo umwage kwenye rundo kubwa.

Seleniamu, madini mengine, usinunue kuongeza mwenyewe, ikizidi kidogo tu ni sumu.

Halafu angalia umri, kuku akishavuka wiki 60 yai linakuwa kubwa na chokaa ni ileile inatandazwa, kwa hiyo ganda litakuwa jepesi hata ulishe vipi. Na kama mayai yameharibika ghafla banda zima, huku kuku wanakoroma, hiyo sio lishe, muite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.