Kabla ya apu za simu: kompyuta ilivyoanza kufundisha lugha

Karibu kila wiki kuna mtu anaingia ofisini kwetu hapa taasisi na simu mkononi, ananionyesha apu inayomfundisha Kichina, akipatia inapiga kengele akikosea inaguna, na anaamini kabisa hiyo kitu imezaliwa juzi. Hapana jamani, hii biashara ina zaidi ya miaka 60.

Ilianza na woga. 1957 Warusi walirusha setilaiti yao ya Sputnik angani, Wamarekani wakashtuka, kumbe jamaa wametuacha na wala maandishi yao wengi wetu hatuwezi kuyasoma, mwaka uliofuata Bunge lao likapitisha sheria ya kumwaga hela kwenye sayansi na lugha za kigeni. Ndo maana kwenye masomo ya mwanzo ya lugha kwa kompyuta utakutana sana na Kirusi. Pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanafunzi alikuwa anafanya mazoezi ya Kirusi kwenye mashine ya kuchapa iliyounganishwa na kompyuta, skrini hakuna, jibu linachapwa kwenye karatasi, tak-tak-tak, akitaka kusikia matamshi anaenda kwenye tepu.

Ila mimi kinachonivutia zaidi ni PLATO, mfumo wa kufundishia kwa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Donald Bitzer aliianzisha 1960, mwanzoni ikimhudumia mtu mmoja tu kwa wakati, ilipofika toleo la nne mwaka 1972 ilikuwa inahudumia watu kibao kwa mpigo. Hebu fikiria umekaa mbele ya terminali yake, yaani kioo na kibodi vilivyounganishwa na kompyuta kubwa: kioo cheusi, herufi za rangi ya chungwa zinawaka, na kioo chenyewe unakigusa kwa kidole! Kimegawanywa vyumba 16 kwa 16, miale isiyoonekana inapita juu yake, kidole kikiikata mashine inajua umegusa wapi. Sauti ilikuwa kwenye disiki ya sumaku inayosukumwa kwa upepo wa kompresa, yaani mwalimu alihitaji bomba la upepo kama fundi wa matairi.

Sasa unaandika Kifaransa chako, tuseme "la maisn" badala ya "la maison" (nyumba). Mashine haikwambii tu umekosa, inaweka alama chini ya neno kuonyesha umekosea herufi, neno ambalo halitakiwi kabisa linapigwa eksi, na maneno yakikaa ovyo inakuonyesha neno lisogezwe upande gani. Kwa miaka ile hiyo ilikuwa kali sana, na hata leo kuna apu nyingi zinazokwambia "jaribu tena" basi.

Siri yake lakini si akili ya mashine. Kulikuwa na lugha ya programu inaitwa TUTOR, aliitunga mwanafunzi wa biolojia, Paul Tenczar, mwaka 1967, ili mwalimu asiye fundi aandike somo mwenyewe, na huyo mwalimu ndo alikaa akawaza majibu yote ambayo mtu anaweza kuleta, yanayokubalika na ya makosa. Jibu ambalo hakuliwaza, mashine hailijui, hata kama ni sahihi na tamu kuliko la kwake.

Kwa Kiswahili mtindo huo unachekesha. Mwanafunzi alitakiwa aandike "nimekuona", kaandika "nimekuoa". Mashine inayolinganisha herufi itaona kaherufi kamoja kamedondoka, kosa dogo la kuandika, wakati huku mtaani hapo tayari kuna mahari inadaiwa! Na hizo ni-me-ku zote zina kazi zake ndani ya neno moja, huwezi kumwandikia mwanafunzi kila umbo linalowezekana. Ilibidi kwanza mtu afundishe kompyuta kulichana neno la Kiswahili vipande vipande, kazi ambayo Arvi Hurskainen, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland, aliianza miaka ya 1980.

Halafu kuna kitu ambacho wala hakikuwa kwenye silabasi. 1973 vijana wa palepale Illinois walitengeneza Talkomatic, watu watano wanaingia chumba kimoja na kuchati, na herufi zinatokea moja moja unavyobonyeza, mwenzio anakuona unavyosita, unavyofuta, unavyoanza upya. Masomo ya lugha yalikuwa mlango wa pili, kwenye terminali hizohizo. Ukiniuliza mimi kama mwalimu wa lugha, ningemhamishia mwanafunzi wangu huko saa hiyohiyo.