Saratani kwa Mgonjwa Mwenye Vali Bandia ya Moyo

Wengi wa wagonjwa waliobadilishiwa vali ya moyo (mlango unaopitisha damu upande mmoja) hapa Pwani ya Kenya waliugua utotoni, pale maumivu ya koo yaliyosababishwa na bakteria yalipokosa kutibiwa, yakazaa homa ya baridi yabisi, nayo ikaharibu vali. Upasuaji huwaongezea miaka mingi, na baadhi yao hufikia umri ambao saratani ya matiti, ya tezi dume au ya utumbo mpana si jambo la ajabu. Vali bandia peke yake si sababu ya mtu kunyimwa upasuaji, tibakemikali (kemotherapi) wala mionzi. Linalohitaji uangalizi mkubwa ni dawa ya kuzuia damu kuganda.

Mwenye vali iliyotengenezwa kwa tishu za wanyama, ikishapita miezi ya mwanzo, mara nyingi huendelea na aspirini tu. Mwenye vali ya chuma hunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote, na kipimo chake cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kwa kawaida hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3 ikiwa ni vali ya aota (kwenye njia ya damu kutoka moyoni kwenda mwilini), au kati ya 2.5 na 3.5 ikiwa ni ya mitrali (kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo).

Warfarini hiyo hiyo huweza kuchelewesha ugunduzi wa saratani. Mgonjwa akiona damu katika choo au mkojo, yeye mwenyewe, na wakati mwingine hata mhudumu wa afya, huilaumu dawa. Ukweli ni kwamba mara nyingi dawa hudhihirisha kidonda au uvimbe uliokuwepo tayari, kwa hiyo damu hiyo ichunguzwe hata kama INR imepanda.

Kabla ya kipande cha uvimbe kuchukuliwa ili kipimwe, mgonjwa huweza kuagizwa aache warfarini kwa siku 5 hivi. Agizo hilo lina nusu ya pili: je, atahitaji sindano za heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, katika siku hizo, na atarudia vidonge lini? Ninayemhofia zaidi ni mgonjwa aliyekaa nyumbani Likoni akisubiri majibu ya maabara kwa wiki 2, vidonge vikiwa kabatini, akidhani ataambiwa aanze tena majibu yatakapotoka. Saratani yenyewe huifanya damu igande kwa urahisi, na bonge likijijenga kwenye vali na kuchomoka, linaweza kuleta kiharusi. Asiondoke hospitalini kabla tarehe ya kurudia dawa haijaandikwa katika daftari lake la kliniki.

Matibabu yakianza, dawa za saratani kama kapesitabini, fluorourasili na tamoksifeni huweza kupandisha INR sana, na kichefuchefu kinachomkosesha mtu chakula huipandisha pia. Hapo kipimo cha kila mwezi hakitoshi. Mwanzoni kipimwe walau kila wiki. Tibakemikali hupunguza vilevile chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, na zikishuka chini ya 50,000 kwa kila mikrolita, daktari wa moyo na wa saratani hawana budi kukubaliana upya kuhusu dawa ya kuzuia damu kuganda. Wasimhamishie mwenye vali ya chuma kwenye dabigatrani, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda: majaribio yake kwa wagonjwa wa aina hiyo yalisitishwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha mabonge mengi zaidi na kuvuja damu kwingi zaidi kuliko warfarini.

Mchunga, mchicha na kisamvu, mboga zinazoweza kupunguza nguvu ya warfarini, haviharamishwi, mradi kiasi kisibadilike sana wiki hadi wiki. Dawa za maumivu za diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa ziepukwe, na dawa za mitishamba zitajwe kwa daktari bila haya, kwani kuzificha ndiko kunakomponza mgonjwa.

Meno yakaguliwe kabla ya tibakemikali, kwa sababu bakteria wa kinywani huweza kuingia katika damu na kushambulia vali. Homa ikifika nyuzi 38, mgonjwa aende hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, akiwa na kadi ya vali yake, na aseme mambo mawili kwanza: nina vali bandia, na niko kwenye tibakemikali. Damu ya kuotesha bakteria ichukuliwe kabla ya antibiotiki ya kwanza, lakini antibiotiki hiyo isicheleweshwe kwa ajili ya kusubiri majibu.