Je, wajua kwa nini Keynes alibashiri sawa lakini akafilisika?

Kila kijiwe kina bingwa wake wa soko. Dola itapanda, dhahabu itashuka, hisa za benki fulani subirini muone. Muulize yeye amenunua ngapi, anaagiza kahawa nyingine. Wala si mwongo, maana mara nyingi maneno yake hutimia. Ila kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kunguni wa soko walimng'ata hata John Maynard Keynes, mchumi maarufu wa Uingereza.

Desemba 1919 Keynes alichapisha kitabu akionya kwamba fidia waliyotwishwa Wajerumani katika Mkataba wa Versailles, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ingeuvuruga uchumi wa Ulaya. Kitabu kilinunuliwa kama njugu. Mapema 1920 akaamua kuyafanyia biashara maneno yake. Kwa fedha zake na za jamaa na marafiki, aliuza marki za Ujerumani, faranga za Ufaransa na lira za Italia ambazo hakuwa nazo, akitarajia kuzinunua baadaye zikishaporomoka, na upande wa pili akanunua dola.

Ilipofika Mei, sarafu zile zikapanda. Zilipanda kwa muda tu, lakini muda huo ulitosha kummaliza. Ilibidi akope pauni 5,000 kwa tajiri Ernest Cassel ndipo arudi sokoni. Na marki? Novemba 1923 dola moja ilifika marki trilioni 4.2. Alichokisema kikawa, tena kwa kishindo.

Kosa lilikuwa wapi, basi? Kwenye kufanya biashara kubwa kuliko fedha zake, kwa mkopo wa dalali, na kwenye saa. Tuseme umeweka shilingi laki moja kwa dalali, naye akakuruhusu ufanye biashara ya milioni moja. Bei ikikugeuka kwa asilimia 10 tu, laki yako imekwisha. Kabla haijafika huko dalali atakutaka uongeze dhamana, na ukikosa anaifunga biashara yako kwa bei hiyo hiyo mbaya. Kesho bei ikirudi ulikotabiri, wewe humo tena.

Mchambuzi hana dalali wa kumgongea mlango. Yeye anatosheka na neno moja, itapanda au itashuka, na tarehe haandiki. Mwenye fedha ndani lazima ajue ameingia kwa bei gani, kwa kiasi gani, anaweza kuvumilia hasara mpaka wapi, na mlango wa kutokea uko upande gani. Kwa maoni yangu hilo la kiasi ndilo linalowaangusha wengi, kuliko hata ubashiri wenyewe.

Kenya waliliona mwaka 2008. Hisa za kampuni ya simu ya Safaricom ziliuzwa shilingi 5 kila moja, na wapo waliokopa benki ili wazipate. Mwaka uliofuata bei ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 3. Aliyetabiri kwamba zitapanda hakukosea, kwani mwaka 2021 zilipita shilingi 40. Lakini marejesho ya benki hayangoji miaka 13.

Keynes hakuacha soko. Aliendelea kusimamia fedha za King's College, Cambridge, na kufikia miaka ya 1930 alikuwa amebadili mtindo: anachagua kampuni chache anazozifahamu vizuri, ananunua hisa zake, kisha anazishikilia miaka.