Mvua ya Mawe na Gari Linalolala Nje: Tunayoamini Nairobi na Yaliyo Kweli

Ploti ninayoishi, upande wa Kasarani, ina magari kumi na moja na hakuna paa hata moja juu yake. Jioni moja ya Aprili, mbingu ikiwa nyeusi tititi na matone ya kwanza yakidondoka mazito, nilimwona jirani wa chini akifunika Demio yake, gari dogo la Mazda, kwa turubai la buluu. Mwingine aliwasha gari lake mbio akaenda kuliegesha chini ya mgrivea ulio nje ya geti. Mama wa ghorofa ya kwanza alishuka ngazi na godoro la mtoto kichwani, lile la sponji, na blanketi mbili begani. Keateka akamwambia, “Mama, godoro litalowa.” Naye bila kugeuka: “Mzee, godoro nitalianika.”

Mawe yalipiga kwa dakika kumi hivi. Asubuhi, jua likiwa bado chini, tulizunguka magari tukiyatazama mabati kwa upande, maana mibonyeo ya mvua ya mawe hujificha machoni ukiwa umesimama juu yake. Hujitokeza mwanga ukilala. Paa la Demio lilikuwa na mibonyeo kumi na saba, ya mviringo, kila mmoja unatosha ncha ya kidole gumba. Gari la chini ya mgrivea lilikuwa limevunjwa kioo cha nyuma na tawi. La mama lilikuwa na mibonyeo kwenye boneti, ambako godoro halikufika. Paani nilipitisha kiganja mara mbili nisiguse chochote.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza yanayosemwa kuhusu mvua hii, na mengi yanawagharimu watu pesa. Jambo ninalotaka wenzangu tunaolaza magari nje walishike ni moja: kinachookoa gari ni nafasi kati ya jiwe na bati, nafasi yenye kitu laini au yenye hewa tupu. Mengine yote yapimwe kwa hilo.

“Mvua ya mawe ni ya Kericho, na huja wakati wa baridi”

Ni kweli kwamba Kericho na vilima vya Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Muulize mkulima yeyote wa chai. Lakini Nairobi nayo iko juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Katika ukanda huu wa ikweta hewa ya kugandisha huanzia kilomita 4.5 hadi 5 hivi juu ya bahari, kwa hiyo kutoka paa la fleti yako hadi kwenye barafu ni kama kilomita tatu tu. Jiwe linaloanguka Mombasa lina safari ndefu zaidi ndani ya hewa ya joto, na mara nyingi hufika chini likiwa tone la maji. Letu hufika likiwa jiwe bado.

Kuhusu baridi, watu wamegeuza mambo. Julai ya Nairobi ina mawingu mchana kutwa, lakini ni mawingu mafupi yaliyotandazwa kama shuka. Hayana nguvu ya kutengeneza mawe. Jiwe huzaliwa kwenye wingu refu la radi, ambamo hewa ya joto inapanda kwa kasi na kulirusha tone juu ya mstari wa kuganda, likavikwa barafu zaidi na zaidi mpaka hewa ile ishindwe kulibeba. Wingu la namna hiyo hutaka joto na unyevu. Ndiyo maana siku za kuangalia ni zile za mvua ndefu za Machi hadi Mei na za vuli, Oktoba hadi Desemba, hasa jua linapochoma asubuhi, hewa ikawa nzito saa sita, na wingu likaanza kujenga mnara kuanzia saa nane mchana. Idara ya Hali ya Hewa pale Dagoretti Corner hutoa utabiri wa kila siku na wa siku kadhaa mbele. Hakuna atakayekuambia mtaa na dakika, lakini ukisikia mvua za radi alasiri, godoro liwe karibu na mlango.

“Nina kava, gari liko salama”

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na inauma kwa sababu aliyenunua kava alitaka kweli kulinda mali yake. Kava nyembamba ya nailoni huzuia vumbi, jua na kinyesi cha ndege. Turubai huzuia maji. Vyote viwili vimelala juu ya bati bila nafasi yoyote, kwa hiyo jiwe linapogonga turubai limegonga bati. Bati lenyewe la gari ndogo lina unene wa milimita 0.7 hivi.

Ukubwa wa jiwe ndio unaoamua kila kitu, na hapa hesabu hutisha. Jiwe likiongezeka upana mara mbili, uzito wake huongezeka mara nane, na kwa kuwa kubwa huanguka kwa kasi zaidi, nguvu ya pigo huongezeka kama mara kumi na sita. Mawe ya ukubwa wa punje ya mahindi hupiga kelele ya kutisha na kuondoka bila alama. Yakikaribia upana wa sarafu ya shilingi 20, yaani sentimita 2.5 hivi, bati huanza kusalimu amri. Ni kipimo hicho hicho ambacho tangu 2010 idara ya hali ya hewa ya Marekani hukitumia kuita mvua ya mawe kali.

Dawa ya pigo ni kulicheleweshea jiwe mahali pa kusimama. Sponji ya sentimita nne au tano hulimeza jiwe kidogo kidogo badala ya kulisimamisha ghafla. Godoro jembamba la mtoto, mikeka ya mazoezi iliyopangwa mara mbili, blanketi nzito za mitumba zilizokunjwa tabaka nne: vyote hufanya kazi, na Gikomba blanketi hizo hazikosi. Katoni zilizofunguliwa husaidia kama tabaka la juu, ila zikishalowa hulegea, kwa hiyo zisiwe peke yake. Anza na paa, boneti na buti, maana sehemu zilizolala ndizo hupokea pigo kamili. Milango imesimama wima na huumia tu upepo ukiyapeleka mawe kwa mshazari. Kisha kioo cha nyuma, halafu cha mbele.

Kwa kufunga, kava yako sasa ina kazi: iwe juu ya yote, ishikilie yaliyo chini. Pitisha kamba chini ya gari kutoka upande hadi upande. Usitumie selotepu kwenye rangi, wala usiweke matofali juu ya turubai. Nimeona paa lililochubuliwa na tofali vibaya kuliko ambavyo mawe yangelichubua. Na kabla ya kufunika, pangusa vumbi la gari, kwani upepo ukitikisa blanketi juu ya mchanga wa Nairobi, blanketi hiyo ni msasa.

Mvua ikiisha, ondoa yote na kuyaanika. Blanketi iliyolowa ikikaa siku tatu juu ya gari huanza kuichafua rangi.

“Bila gereji ya mawe au mabati huwezi kufanya chochote cha kudumu”

Angalia yadi za magari kando ya Ngong Road, au sehemu za kuosha magari mitaani. Nyingi zimetanda wavu wa kivuli, ule ule wakulima wanauita shedineti. Wakulima wa matunda na maua wameutumia wavu kuzuia mawe kwa miaka, na sababu ni ile ile ya godoro: wavu uliovutwa nusu mita juu ya gari hunyumbuka, jiwe hupoteza nguvu zake hewani, na maji hupita chini yakienda zake. Hata upepo hupita kwa kiasi, kitu ambacho turubai halitakupa; turubai lililofungwa kwenye nguzo nne huwa tanga la jahazi, na linaweza kuondoka na nguzo zake likatua kwenye gari la jirani.

Mafundi wa jua kali watakuchomea fremu ya bomba kwa vipimo vyako. Yazingatie mambo haya: nguzo zizikwe kwenye zege au zifungwe kwenye ukuta, wavu uwe wa nyuzi nzito, na uwe na mteremko. Wavu uliolala tambarare hukusanya barafu katikati mpaka ukatumbukia, na barafu ni nzito karibu sawa na maji. Zungumza na mwenye ploti kwanza. Wapangaji wakichanga kwa safu moja ya magari, gharama ya kila mmoja hushuka sana, na mwenye ploti ni mwepesi wa kukubali kitu kinachobaki kwake.

“Bora chini ya mti, au beismenti”

Mti una nafasi ya hewa chini yake, nakubali, na majani hupunguza kasi ya mawe madogo. Lakini wingu linaloleta mawe huleta pia upepo wa ghafla unaoshuka kwa nguvu. Mgrivea na mkalitusi ni wepesi wa kukatika matawi, na miti mingi kandokando ya barabara zetu imezeeka au mizizi yake imekatwa na waliochimba mitaro. Mbonyeo mmoja wa jiwe na tawi kwenye kioo haviwezi kulinganishwa.

Beismenti ni nzuri kama unaijua. Kumbuka Aprili na Mei 2024, mafuriko yalivyochukua watu na nyumba jijini. Mvua ya mawe hufuatana na maji mengi kwa muda mfupi, na mawe yenyewe huziba mifereji kama taka. Gari lenye mibonyeo kumi na saba bado linakupeleka kazini. Gari lililozama hadi kwenye viti huenda lisipone nyaya zake. Kama maegesho ya chini yana historia ya kujaa maji, liache gari juu, ulivike godoro. Na likishaingia maji, usijaribu kuliwasha: injini ikivuta maji badala ya hewa, huvunjika ndani.

“Ukiwa njiani, jifiche chini ya daraja”

Mombasa Road, chini ya nguzo za Expressway, utaona magari yamesimama kwenye leni mvua inapoanza, na yaliyo nyuma hayaoni kitu. Mtu hufa hapo kwa kuokoa rangi ya gari. Punguza mwendo, kwa sababu kasi yako huongezwa kwenye kasi ya jiwe linalokujia kiooni. Ondoka barabarani kabisa, ukipata paa la petroli stesheni ni heri. Usipopata, simama kando na ulielekeze gari mbele kule mawe yanakotoka. Kioo cha mbele ni tabaka mbili zilizogandanishwa na plastiki katikati. Hupasuka lakini hushikana. Vya pembeni na cha nyuma humwagika kama chumvi ya mawe. Wafunike watoto kwa koti, wageuze nyuso.

Na mbaki ndani. Wengi huamini matairi ya mpira ndiyo huzuia radi. Sivyo, ni bodi ya chuma inayoupitisha umeme kwa nje mpaka ardhini. Mawe yakishaanza, hakuna blanketi la thamani ya kutoka nje kulitandaza.

“Nina bima, watalipa”

Thadi pati, ambayo sheria ya Sura ya 405 inamlazimu kila mwenye gari kuwa nayo, ni kwa ajili ya mtu utakayemuumiza. Gari lako halimo. Komprehensivu, yaani bima kubwa inayogusa gari lako pia, mara nyingi hugharamia dhoruba na mafuriko, lakini mikataba haifanani, na kioo huwa na kikomo chake. Muulize wakala kwa maandishi kama mvua ya mawe imo, ekses (sehemu ya hasara utakayolipa mwenyewe) ni kiasi gani, na upate jibu kwa maandishi kabla ya Machi. Ukipigwa, piga picha asubuhi na mapema mwanga ukiwa umelala, kabla hujaosha gari na kabla fundi hajagusa.

“Maji moto hurudisha bati”

Hurudisha bampa ya plastiki. Bati la chuma lililobonyea kwa pigo halirudi kwa maji moto, wala kwa draya ya nywele na barafu, na maji moto kwenye kioo chenye baridi yanaweza kukipasua. Kabla hujakubali fundi wa bodi apake fila na rangi mpya paa zima, tafuta kwanza anayesukuma mibonyeo kutoka ndani bila kugusa rangi. Mibonyeo ya mawe, kwa kuwa ni ya mviringo na isiyo na mikunjo mikali, humfaa sana fundi huyo. Jirani wa Demio alimpata mmoja. Alishusha dari, akaweka taa ndefu kando ya paa, akawa anasukuma kwa chuma chembamba huku akitazama mstari wa mwanga ukinyooka, mbonyeo mmoja baada ya mwingine, tangu asubuhi hadi saa kumi.